Elizabeth Holmes na tone la damu
Jamani mimi kazi yangu ni maabara, ndo maana stori ya huyu dada Elizabeth Holmes wa Theranos, kampuni ya Marekani ya kupima damu, inaniuma kweli. Kaanzisha kampuni 2003 ana miaka 19, akawaaminisha watu tone la damu la kidoleni linatosha vipimo kibao, 2015 jarida la Forbes wakamuweka na utajiri wa dola bilioni 4.5, mwaka uliofuata wakaandika sifuri! Damu ya kidole ukiikamua inachanganyika na majimaji ya nyama, majibu ya potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu) yanapanda hovyo, hilo tunalijua. Mama mmoja Arizona kaambiwa mimba imeharibika kumbe mtoto yuko salama, ila mashtaka ya kudanganya wagonjwa akaachiwa, kafungwa miaka 11 na ushee kwa hela za wawekezaji tu. Hapo ndo panaponichoma.