Mirusho 25

Juni 2022, Arizona, saa kumi na mbili asubuhi. Timu za ngazi ya chini kabisa za besiboli hufanya mazoezi mapema hivyo, maana ikifika saa nne uwanja umeshageuka kikaango. Kazi yangu ilikuwa kuwadakia warushaji. Siku hiyo nilipewa kijana aliyechaguliwa raundi ya 18 kati ya 20, katika uteuzi ambao klabu hugawana wachezaji wapya kwa zamu. Waliosajiliwa kwa mamilioni walikuwa wameshapangiwa kilima, kile kituta anachosimama mrushaji, tangu wiki iliyotangulia. Yeye alibakiziwa dakika ishirini na mirusho 25, basi.

Mpira wake wa kasi ulifika kilomita 150 kwa saa, mwendo ambao siku hizi haumtishi mtu. Kilichomkwamisha ni chenjapu, ule mrusho unaotoka kama wa kasi lakini unachelewa kufika. Kila akiirusha mkono ulilegea, na mpigaji mwenye macho alishajua kinachokuja.

Hatukuanzia kilimani. Mipira ya kupasha mwili haikuhesabiwa, kwa hiyo tulisimama mita 20 tukarushiana chenjapu tupu. Mpira huingizwa ndani ya kiganja, kidole cha kati na cha pete juu yake, cha shahada na gumba vikutane ubavuni kama duara. Mkono uende kwa nguvu zilezile. Kupunguza mwendo ni kazi ya mshiko. (Hata Jacob deGrom, mrushaji nyota aliyechaguliwa raundi ya 9 tu mwaka 2010, alionyeshwa chenjapu na mrushaji mkongwe Johan Santana, wakati deGrom akiuguza kiwiko.) Niliuzungushia mpira mstari wa wino ili aone mwenyewe unavyojizungusha.

Mitano ya kwanza ilimponyoka, mmoja ukapita juu ya kichwa changu. Nikamlaumu kwa kuubana mno. Kumbe kosa langu: nilibeba ndoo ya mipira mipya, bado inang'aa, na hewa ya jangwani ni kavu. Mipira ya mechi husuguliwa kwanza kwa tope maalumu linalochotwa New Jersey, upande wa mto Delaware, ili ngozi iache kuteleza. Tukachukua ndoo ya iliyochakaa.

Kilimani tulimsimamisha mwenzake mbele yake na rungu la kupigia mpira, bila ruhusa ya kupiga. Kazi yake ilikuwa kutamka "kasi" au "pole" mara tu mpira unapoacha mkono. Katika mirusho kumi ya kwanza alipatia tisa. Nikamwambia mrushaji aache kulenga, atupe kana kwamba anataka kuichana glavu yangu. Kumi iliyofuata, mwenzake alikosea mara nne. Rada ilisoma 148 kwa mpira wa kasi, kisha 134 kwa chenjapu. Tofauti hiyo inatosha. Ikipungua sana, chenjapu inakuwa mpira wa kasi uliochoka tu.

Mitano ya mwisho ilikuwa chenjapu zote, na mitatu ilitua magotini pale nilipoweka glavu. Akaomba wa 26. Kocha alikuwa ameshatazama saa, na yule wa mamilioni amesimama kando ya kilima, anazungusha bega.