Siku moja maishani mwangu: krambo za oda na ugomvi wangu na maji

Kazi yangu ni kuoka vitindamlo kwa oda, na siku ninazozipenda ni zile za krambo tupu. Kwa asiyeijua: ni matunda yaliyokatwakatwa, yakafunikwa kwa chenga za unga, siagi na sukari, kisha yakaokwa mpaka juu pakauke na kuiva rangi ya kahawia huku chini panatokota. Hakuna kukanda, hakuna kusukuma, hakuna hamira. Kuna wanaoiita pishi la wavivu. Hao hao ndio hunitumia picha ya bakuli lililojaa mchuzi, chenga zimezama na kuwa uji, wakiuliza kulikoni. Jibu langu halibadiliki: maji. Fuatana nami leo, utaona jinsi siku nzima inavyoishia kwenye kuyazuia, kuyatoa na kuyasubiri.

Oda za leo: mbili za matufaha, moja ya pichi, na moja ya matufaha kwa nyumba yenye mtu asiyekula ngano.

Saa 11 na nusu alfajiri

Naanza na siagi, kabla hata sijawasha taa ya upande wa oveni. Imelala kwenye friji usiku kucha. Naikata vipande vya kama sentimita moja moja, navitandaza kwenye sahani na kuviingiza friza kwa dakika kumi hivi wakati napima vingine.

Napima kwa mizani, si kwa kikombe. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kushindilia na kikombe cha unga uliochekechwa havilingani uzito, na hapo ndipo watu hupotelea. Kwa bakuli la kulisha watu wanane natumia unga wa ngano gramu 300, siagi gramu 150 na sukari gramu 150. Yaani unga mara mbili ya siagi, na sukari sawa na siagi. Ukikumbuka hilo huhitaji kuandika popote. Juu yake chumvi, nusu kijiko cha chai, na usiniambie ni kitindamlo kwa hiyo chumvi haina kazi. Krambo isiyo na chumvi ni tamu tu, basi.

Unga wenyewe natumia wa kawaida. Sehemu ndogo, kama gramu 60, naitoa na kuweka oti badala yake, kwa sababu oti hukauka vizuri na kubaki na mkwaruzo mdomoni. Wengine hutia lozi zilizokatwakatwa. Mimi naona lozi zinafaa zaidi kwenye pichi, na hivyo ndivyo nitakavyofanya leo.

Saa 12 asubuhi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Siagi huyeyuka ikifika kama nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na kiganja cha mtu kina joto la karibu na hilo. Kwa hiyo viganja vyangu havigusi kitu. Naokota siagi na unga kwa ncha za vidole, nasugua kwa kidole gumba kuelekea mbele, naachia vidondoke kutoka juu ili vipate hewa, nainamia tena. Mwanzo unaona vipande vya siagi vimevaa unga. Baadaye vinapungua, unga wenyewe unabadilika rangi, unakuwa na umanjano kwa mbali na unaanza kushikana. Nikiufinya mkononi unakuwa donge, nikiligusa donge linavunjika vipande vikubwa na vidogo. Hapo nasimama.

Kwa nini baridi yote hii? Siagi si mafuta matupu. Karibu asilimia 80 ni mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Ikiwa ngumu, mafuta hupaka chembe za unga na maji hubaki yamefungiwa. Ikiyeyuka mapema, maji yanatoka, yanakutana na protini za ngano, na unaanza kupata unga wa kukandwa. Ukiuoka huo unapata kifuniko kigumu kinachopasuka vipande kama kigae, si chenga.

Kijana ninayemfundisha kazi ameingia wakati huu na kutaka kusaidia. Ana mikono ya moto, tunajuana.

"Dada, nitumie mashine ya kusagia?"

"Tumia, lakini bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Ukiiacha ikakimbia utanitengenezea biskuti."

Mashine inafaa kabisa, sina ubaguzi nayo. Kasoro yake ni kwamba chenga hutoka za saizi moja, kama mchanga. Mimi napenda mchanganyiko: ndogo zinaziba, kubwa zinabaki ngumu kwa ndani. Nikipokea bakuli lake nanyunyiza kijiko kimoja cha maji baridi sana na kuchambua kwa uma mpaka madonge yajitokeze. Ndiyo, maji. Kijiko kimoja, kwa makusudi, nayajua yanakokwenda.

Chenga zote zinaingia friji mpaka nitakapozihitaji. Zingeweza kukaa friza hata wiki kadhaa, na hiyo ni siri ya wengi wenye oda nyingi: zinatoka friza moja kwa moja kwenda juu ya matunda.

Saa 2

Matufaha. Nachagua machachu na magumu. Granny Smith ni chaguo langu la kila siku. Ni tunda lililoanzia Australia kwenye miaka ya 1860 na linastahimili moto bila kupondeka. Uingereza wao hupenda Bramley, ambalo ni chachu zaidi na likipata moto huwa rojo. Yote mawili ni sawa, inategemea unataka kutafuna au kuchota. Mimi nataka kutafuna.

Tunamenya, tunatoa kokwa, tunakata vipande vya mdomo mmoja. Si vyembamba! Kipande chembamba hupotea. Maji ya limau yanaingia mara moja, kwani tufaha likikatwa hukutana na hewa na vimeng'enya vyake huligeuza kahawia.

Sasa kuna jambo ambalo mapishi mengi hayalisemi. Karibu robo ya ujazo wa tufaha ni hewa, ndiyo maana linaelea ukilitupa majini. Likiiva, hewa inatoka na tunda linanywea. Ukijaza bakuli kwa matufaha mabichi mpaka juu na kuyafunika kwa chenga, ukitoa kwenye oveni utakuta pengo: chenga zimesimama kama paa na matunda yako chini kabisa. Kwa hiyo nayapitisha kwanza kwenye sufuria pana na kipande cha siagi, sukari kidogo na mdalasini, moto wa wastani, dakika sita au saba. Yanalainika kingo tu, yananywea sehemu ya kunywea, na maji yake ya mwanzo yanapanda hewani badala ya kupanda kwenye chenga zangu. Kisha nayaacha yapoe. Chenga baridi juu ya matunda ya moto zinayeyuka kabla hazijaona oveni.

Wanga wa mahindi unaingia mwisho, kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo moja ya matunda, takriban.

Saa 3 na nusu

Pichi ni habari nyingine. Hizi zina maji mpaka kero. Nimezikata, nikazichanganya na sukari na kuziacha kwenye chujio juu ya bakuli kwa muda wa saa nzima. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda, na chini ya chujio sasa kuna kikombe kizima cha juisi ya rangi ya waridi. Juisi hiyo simwagi. Naichemsha mpaka ipungue na kuwa nzito, kisha nairudisha kwenye pichi pamoja na wanga. Ladha yote imerudi, maji hayakurudi.

Ukitumia matunda ya friza, usiyayeyushe kwanza. Yaingie yakiwa na barafu, ongeza wanga kidogo na dakika chache za oveni.

Saa 4 na nusu

Oveni imefika nyuzi 180. Matunda yanaingia kwenye mabakuli, chenga zinamwagwa juu kwa unene wa kama sentimita moja na nusu. Kijana anataka kuzipigapiga kwa mkono ziwe sawasawa. Namshika mkono.

"Mdogo wangu, ziache zilivyoanguka."

Chenga zilizoshindiliwa hazina njia ya kupitisha mvuke. Mvuke ukikosa njia unabaki chini yake na kuzilowesha. Zikikaa ovyo, zinapumua. Chini ya kila bakuli kuna trei, maana lazima pembe mojawapo itachuruzika, na sukari iliyoungua kwenye sakafu ya oveni ni adhabu ya siku nyingine.

Saa 5

Kusubiri. Kijana anauliza nani alibuni kitu hiki. Namwambia ninachokijua: kilienea Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940, siagi na sukari zikiwa za kwanza kubanwa, na haukumalizika mpaka 1954. Pai inataka mafuta mengi kwa ajili ya unga wa juu na wa chini. Krambo inataka ya juu tu, na hata hayo unaweza kuyapunguza, ukatumia majarini, ukapunguza sukari kwa kutegemea utamu wa tunda lenyewe. Nadhani ndiyo maana haina maringo mpaka leo.

Saa 5 na dakika 20

Bakuli la kwanza limependeza, rangi ya kahawia juu yote. Kijana ameshavaa glavu. Hapana. Rangi ya juu inadanganya, kwa sababu chenga hukauka na kubadilika rangi mapema, mafuta na sukari vikisaidiana. Mimi natazama katikati. Pembeni panatokota tangu zamani, lakini katikati bado pametulia, na wanga wa mahindi hauwezi kukaza mchuzi mpaka upate joto la karibu na kuchemka. Nikilitoa bakuli sasa, mteja atapata supu yenye unga ambao haujaiva.

Nafunika juu kwa karatasi ya foili bila kuikaza, ili isiungue. Baada ya dakika kumi hivi mapovu yanatokea katikati. Nayaangalia yanavyopasuka. Povu la maji hupasuka haraka na kutoweka. Povu la mchuzi ulioiva hupanda taratibu, linavimba, linakaa, ndipo linapasuka na kuacha shimo dogo linalochelewa kuziba. Nikiliona hilo, natoa.

Ile isiyo na ngano inafuata baadaye, katika mabakuli na vyombo vyake peke yake. Chenga zake ni lozi zilizosagwa, unga wa mchele, na oti zilizothibitishwa kwenye pakiti kuwa hazina ngano, kwa sababu oti za kawaida mara nyingi hupita kwenye mitambo inayosaga ngano. Lozi huungua haraka, kwa hiyo moto ni nyuzi 170.

Saa 7

Chakula cha mchana, wima. Mabakuli yako juu ya waya, yamefunuliwa. Ukiifunika krambo ya moto kwa mfuniko, mvuke unagonga mfuniko, unakuwa matone na kurudi chini. Kazi ya asubuhi nzima inaharibika kwa robo saa. Hapa pia ndipo mchuzi unapomaliza kukaza. Ikitoka tu ni nyepesi, baada ya nusu saa inashika kijiko.

Saa 8

Kastadi ya mayai. Viini, sukari, maziwa, krimu, moto mdogo, kipimajoto mkononi. Nyuzi 82 naepua na kuchuja. Ukivuka kidogo tu mayai yanaganda mapandemapande. Sina zaidi la kusema kuhusu kastadi, inachosha na inapendwa.

Saa 9 hadi 11 jioni

Wateja wanapita kuchukua. Naeleza maneno yale yale kila mlango unapofunguliwa, tunaosha vyombo, tunakata siagi ya kesho.

Saa 1 usiku

Simu. Ni mama aliyechukua ya pichi.

"Mwanangu, wageni wamechelewa na imepoa kabisa. Niiweke kwenye maikrowevu?"

"Hapana mama, shikamoo kwanza. Maikrowevu itayachemsha maji ya matunda na mvuke utalowesha chenga. Washa oveni nyuzi 160, iweke dakika 15 au 20."

"Marahaba. Niifunike?"

"Usiifunike."

"Na ikibaki?"

"Ikibaki iingie friji ikishapoa. Asubuhi uile ikiwa baridi, na mtindi. Chenga zitakuwa zimelainika, lakini kwa saa hiyo sidhani kama utalalamika."

Anacheka, ananiuliza kama Jumamosi naweza kumfanyia nyingine, ya plamu. Naweza. Plamu nazo zina maji, kwa hiyo nitaziweka kwenye chujio asubuhi mapema.