Siku Moja Maishani Mwangu: Muuguzi wa Utengamao Lamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka kwangu mtaa wa Langoni kwenda kuwasaidia wagonjwa warudie kujitegemea, kazi tunayoiita utengamao, nikiwa na mashine ya kupimia presha, glavu, bendeji na mkanda mpana ambao humfunga mgonjwa kiunoni ninapomsimamisha. Vichochoro vya mji wetu havipitiki kwa gari, na kiti cha magurudumu hukwama humo pindi punda wa mizigo wanapopishana, kwa hiyo wagonjwa wengi wa kiharusi mimi ndiye ninayewafuata majumbani mwao.

Saa moja nipo Mkomani kwa bibi asiyeweza kujigeuza kitandani. Nakagua visigino na kifandugu chake, sehemu ambazo vidonda vya mgandamizo huanzia, na kumkumbusha mjukuu wake kwamba kumgeuza kila baada ya saa mbili hakuna mapumziko ya usiku.

Saa tatu namfikia mzee mmoja, fundi wa kuchonga milango, aliyepooza upande wa kulia. Leo bega linamuuma. Nambonyeza taratibu chini ya ncha ya bega na kukuta pengo la upana wa kidole: misuli iliyokuwa ikishikilia kiungo imelegea, na uzito wa mkono unakivuta chini. Namuuliza mwanawe alimwinuaje jana.

"Nilimvuta mkono, dada. Nilidhani namsaidia."

Simlaumu, kwa kuwa wiki iliyopita nilimwonyesha mkanda unavyoshikwa lakini sikumtaka aushike mwenyewe mbele yangu. Leo anaushika mara tano, hadi baba yake anacheka. Kisha nauweka mkono juu ya mto na kueleza kwamba usiachwe ukining'inia anapoketi.

Inabaki kanzu. Mkewe anainuka ili amvishe, nami namwambia, "Mama, tafadhali keti, umwache." Mkono uliopooza huingia kwanza, kisha kichwa, na ule mzima mwisho; wakati wa kuvua, mzima ndio hutangulia. Dakika kumi na mbili zinapita, na mama anashika ukingo wa buibui lake asije akamsaidia. Nakiri kwamba kuizuia mikono ya wenye mapenzi ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, ikiwemo yangu mwenyewe.

Saa saba namsimamia mgonjwa mwingine anayepaliwa: aketi wima, ale kwa matonge madogo, na asilazwe kwa nusu saa baada ya kula.

Saa tisa nachukua boti hadi kijiji cha Shela kwa mgonjwa mwingine, ambako ngazi ndefu za nyumba ya mawe ndizo uwanja wetu wa mazoezi. Mguu wenye nguvu hutangulia kupanda, ule dhaifu hutangulia kushuka, nami hukaa kidato kimoja chini ya mgonjwa.

Jioni, nikiandika kumbukumbu, mwana wa fundi anapiga simu kuuliza kama babake ataweza kwenda msikitini Ijumaa. Namuuliza vidato vya mlangoni ni vingapi, ananijibu vinne. Ijumaa hii tutaishia barazani.