Miche 120, mchwa na benchi zinazoota jua

Jana jioni nimepita tena kwenye uwanja wetu wa mtaa nikahesabu miti, imebaki 31. Nahesabu kila mwisho wa mwezi, mke wangu ananicheka anasema wenzako mwisho wa mwezi wanahesabu mshahara we unahesabu miti ya watu. Tulipanda 120 Aprili mwaka jana.

Nyie mlioko Moshi au Bukoba hamwezi kunielewa, huko ukitema kokwa la embe dirishani wiki ijayo unakuta mche. Hapa Dodoma mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki hata milimita 600, na yote inakuja Disemba mpaka Aprili basi, ikikata imekata, kuanzia hapo mpaka Novemba ni upepo na vumbi tu. Sasa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kuna mikoa tarehe hiyo masika ndo inachanganya, sawa, ila huku kwetu mvua inakua ishafunga mizigo iko stendi. Na sisi tukapanda siku hiyo hiyo, mana mgeni rasmi alikua anakuja siku hiyo.

Siku yenyewe ilikua nzuri jamani nisiseme uongo, turubai, spika, kwaya, tisheti za kijani, kila mtu kashika mche anapigwa picha. Kuna jamaa nilimwona kwa macho yangu anashusha mche shimoni na kiriba chake, hajachana nailoni, nikamwambia kaka toa hiyo, akasema subiri kwanza anipige picha. Sijui kama alirudi kuitoa. Ule mche ulikauka kabla ya Juni.

Mingine mingi ikaliwa na mchwa. Watu wanalaumu mbuzi lakini mbuzi unamwona unamfukuza, mchwa anakula mzizi chini kwa chini, we unaona majani yamenyong'onyea unasema ngoja nimwagie maji kumbe unamwagilia fimbo. Majivu tulijaribu, yanasaidia kidogo, ila mche wenye kiu ndo anaoupenda, ule uliokunywa vizuri hausumbui sana.

Kuna mzee hapa mtaani tunamwita Babu, Mgogo wa siku nyingi, yeye siku ile alikuja akakaa zake chini ya mwarobaini akaangalia tu. Nilipomfata baadae, baada ya mbukwa, yani salamu ya Kigogo, na habari za wajukuu, akaniambia mti wa hapa unapandwa mvua ya kwanza ya Disemba, upate miezi minne ya kunywa kabla haujaanza kufunga. Akanisimulia na ya Kondoa, kule kwenye mmomonyoko ule mkubwa, mradi wa HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, wakachimba makinga maji wakapanda miti, ila hali ilibadilika hasa mwaka 1979 serikali ilipotoa mifugo yote kwenye yale maeneo yaliyoharibika. Nyasi na vichaka vikarudi vyenyewe, anasema, bila mgeni rasmi. Kwa wenye ng'ombe ilikua kilio, hilo nalo alilisema.

Mi sipingi kampeni. Tangu Disemba 2017 Mama Samia alipoizindua ile ya kuikijanisha Dodoma, akiwa bado Makamu wa Rais, kuna barabara za mjini leo zina kivuli ambacho hakikuwepo. Tatizo langu ni hesabu. Lengo walilopewa halmashauri ni kila moja ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ipande. Sasa ukiambiwa upande si utapanda, hata Aprili, hata kwenye mawe, namba itatimia, ya kuhesabu iliyopona Novemba nani ana habari nayo.

Uwanja wenyewe nao ukaboreshwa mwaka huu, tumepata bembea, taa za sola mbili, na benchi nane za zege. Bembea watoto wanagombania mpaka usiku, hapo heko. Benchi sasa, zote nane zimepangwa kwenye jua kali, saa saba mchana ukikaa unaiva kama chapati, mpaka saa kumi na mbili jioni hakuna mtu. Watu wote wamebanana kwenye mwarobaini wa zamani, wa bao, bodaboda, mama wa maandazi, wamekaa kwenye mawe. Na huo mwarobaini nusura ukatwe! Mkandarasi alikua na mchoro, njia ya pevingi kwenye mchoro imenyooka na mti uko katikati ya njia, basi akaleta msumeno. Wamama wakakaa kwenye shina wakagoma kuinuka mpaka mwenyekiti wa mtaa akaja, wakabishana nusu saa, njia ikapindishwa. Ndo mana ina kona pale, wageni huwa wanauliza.

Hiyo 31 iliyopona ina siri yake. Mwalimu mmoja jirani alifunga vibati kwenye miche 35 ya upande wa shule, kila kibati jina la mtoto. Maji yenyewe ya mgao, lakini mtoto anamganda mama yake kuhusu mti wake mpaka anapewa maji ya kuoshea mchele, na wengine wamefukia chupa za maji kichwa chini, kizibo kimetobolewa na sindano, inadondosha taratibu siku nzima. Ya upande wa pili, ambayo ilikua "ya wote", nenda kaangalie mwenyewe.

Mwaka huu tumeomba miche 40 tu, walishangaa, wakauliza mna uhakika. Mwarobaini, mikwaju na mijohoro, ashoki hapana, mti hauna hata kivuli cha kuku. Mingi tunaiweka nyuma ya benchi. Jumamosi saa moja asubuhi tunachimba mashimo na kuweka samadi tusubiri mvua, mwenye sururu aje nayo, yangu mpini umevunjika.