Sabuni imeisha wodini

Miezi mitatu nimebandika matangazo ya kunawa mikono wodini. Yakasomwa, yakazoeleka, yakachanika. Leo asubuhi, tukipokezana zamu, nikaacha takwimu nikawasimulia habari za daktari Ignaz Semmelweis. Vienna, Austria, 1847: akina mama waliojifungua wanakufa kwa homa ya uzazi, kumbe madaktari wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha! Akaagiza wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vikapungua sana. Na bado wakubwa wengi walimpinga, jambo linaloniuma hadi leo.

Kimya. Nesi mmoja kijana alikuwa anatazama viganja vyake, akavigeuza taratibu. Jioni hii sabuni ya sinki la mlangoni imeisha, mara ya kwanza tangu nikabidhiwe wodi. Nimefurahi mno.