Nilivyoifunga rauta ya gesti Kirumba baada ya nywila kushindwa

Kila fundi niliyemuuliza alinipa jibu lilelile: "Badilisha nywila, kaka, tatizo linaisha." Haliishi. Nywila hulinda ukurasa wa kuingilia tu. Kama rauta inatoa siri zake bila hata kuuliza nywila, uweke herufi thelathini ukitaka, umepiga kufuli kubwa mlangoni huku dirisha halina nondo. Jibu hilo bado wanauziwa wenye gesti, stationery na migahawa hapa Mwanza, na linaniudhi.

Gesti yenyewe ipo Kirumba, karibu na Mwaloni. Wageni wake wengi ni wafanyabiashara wa dagaa, watu wanaotuma na kupokea pesa kwa simu kutwa nzima, kwa hiyo mtandao uliochezewa ni hatari ya fedha. Dalili zilikuwa hivi: mgeni akiwa kwenye Wi-Fi anafungua tovuti ya kawaida, analetewa kurasa za kamari au tangazo la kumtaka "asasishe kivinjari". Akizima Wi-Fi na kutumia bando lake, tovuti ileile inafunguka vizuri. Tofauti hiyo peke yake inatosha kukupeleka kwenye DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Usianze kusafisha simu za wageni. Ingia kwenye rauta, soma namba za DNS kwenye sehemu ya WAN (upande wa intaneti) na ya DHCP (inayogawia vifaa anwani). Hapa zilikaa anwani mbili ambazo si za mtoa huduma, wala si za umma kama 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Fundi wa kwanza alikuwa amesharudisha rauta kwenye hali ya kiwandani na kubadilisha nywila. Ikakaa siku chache, DNS zikabadilika tena. Hilo ndilo linalokuambia kwamba mvamizi hakubahatisha nywila, bali ana njia nyingine. Nilichukua laptopu, nikaiunganisha kwa waya, na kwenye kivinjari ambacho hakijaingia popote nikaandika anwani ya rauta ikifuatiwa na /rom-0. Faili likashuka papo hapo, halikuuliza jina wala nywila. Faili hilo ni nakala ya mipangilio yote, na nywila ya msimamizi imo ndani, imebanwa tu, haikufichwa. Tundu hili lilijulikana kwa upana mwaka 2014, na lilikumba rauta za ADSL (intaneti ya waya wa simu) za kampuni kadhaa kwa sababu zilitumia programu ya msingi ya aina moja, ZyNOS. Ukibadilisha nywila leo, kesho mvamizi anapakua faili jipya lenye nywila mpya.

Nyingi ya rauta hizo zilikuwa pia na seva ndogo ya ukurasa iitwayo RomPager. Matoleo ya kabla ya 4.34 yana kasoro ambayo kampuni ya usalama wa mtandao ya Check Point iliitangaza Desemba 2014, ingawa mtengenezaji wa RomPager alikuwa ameshairekebisha mwaka 2005. Watengenezaji wa rauta waliendelea tu kupakia toleo la zamani. Ndiyo maana ushauri wa "sasisha fimwea", yaani programu ya ndani ya rauta, haukunisaidia. Geuza rauta, soma toleo la maunzi kwenye kibandiko cha chini, kwa sababu V3 na V6 za modeli moja hazitumii fimwea moja, na ukipakia isiyo yake unabaki na boksi la plastiki. Toleo langu nililipata, lakini fimwea ya mwisho iliyotolewa kwa ajili yake bado ilitoa lile faili.

Jambo la kupima ni kama ukurasa unaonekana kutoka nje. Soma anwani ya WAN kwenye rauta, chukua simu, zima Wi-Fi, washa data, andika anwani hiyo kwenye kivinjari. Jaribu ilivyo, kisha uongeze :8080 na :7547, ambazo ni namba za poti, yaani milango mingine ya rauta. Anwani ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kipimo cha simu hakitafika. Hapo usishangilie, maana njia ya ndani ipo palepale: mgeni anafungua ukurasa mbaya, nao unakiamuru kivinjari chake kutuma ombi la kubadilisha DNS kwa 192.168.1.1, anwani ya kawaida ya rauta. Rauta inaona ombi limetoka ndani ya nyumba, inatii. Kule Brazil modemu zipatazo milioni 4.5 ziligeuzwa DNS mwaka 2011 kupitia kasoro ya modemu zenyewe.

Sasa kazi ya kuziba, na hapa kuna ujanja ninaoupenda sana. Rauta hii ilikuwa na kitufe cha kuzima usimamizi wa mbali. Nilikizima, na ukurasa ukaendelea kufunguka kutoka kwenye simu! Basi nikaenda menyu ya NAT, kisha Virtual Server, inayopeleka maombi ya nje kwenye kifaa cha ndani, nikaelekeza poti 80 (ya kurasa za wavuti) kwenye anwani ya ndani isiyo na kifaa chochote, 192.168.47.254. Ombi lolote la nje linalobisha poti 80 linapelekwa huko na kufia huko, halimfikii RomPager kabisa. Nikafanya vivyo hivyo kwa 21, 23 na 7547. Sharti moja: anwani hiyo lazima iwe nje ya zile zinazogawiwa na DHCP. Mgawo wangu ulikuwa .50 hadi .200. Ukiisahau hiyo, siku moja simu ya mgeni itapewa .254 na maombi yote ya nje ya poti hizo yataelekezwa kwake.

Kwa upande wa ndani, nilikuwa nimeshaitoa rauta kwenye 192.168.1.1 na kuipeleka 192.168.47.1, ili maombi ya kubahatisha yakose shabaha. Kisha nikawasha ACL (orodha ya wanaoruhusiwa), nikaruhusu ukurasa kwa upande wa LAN (mtandao wa ndani) na kwa anwani ya kompyuta ya ofisi tu. Hakikisha laptopu unayofanyia kazi ina anwani hiyo kabla ya kuhifadhi, la sivyo unajifungia nje.

Haya yote ni kiraka, kwa sababu mgeni mjanja anaweza kujipachika anwani ya kompyuta ya ofisi. Mama mwenye gesti alikubali kununua rauta iliyotumika inayokubali OpenWrt, programu huria ya rauta. Ilikuwa elfu hamsini na ushee, na kwa matoleo ya sasa usichukue yenye hifadhi chini ya MB 8 au kumbukumbu chini ya MB 64. Modemu ya zamani nikaiweka kwenye hali ya daraja, yaani inapitisha mawasiliano tu, nikanakili kwanza VPI na VCI (namba za laini ya ADSL) na jina la PPPoE (la kuingilia kwa mtoa huduma); VPI na VCI zikabaki kwenye modemu, jina la PPPoE likahamia rauta mpya. Modemu iliyo daraja haina anwani ya intaneti, hivyo ukurasa wake hauna wa kuufikia kutoka nje. Kwenye OpenWrt weka nywila ya root (msimamizi) mara ya kwanza tu unapoingia, kwa maana inakuja bila nywila. Wageni wana Wi-Fi yao, 192.168.84.0/24, katika zoni ambayo Input ni reject, yaani maombi yanayoelekea rauta yenyewe yanakataliwa, na ruhusa mbili pekee: DNS poti 53 na DHCP poti 67 ya UDP. Wakiandika anwani ya rauta, hawapati ukurasa.

Wanaouza vocha za Wi-Fi kwa rauta za MikroTik nao wasilale. Tundu la Winbox (programu ya kusimamia rauta hizo) la 2018 lilimruhusu mtu asome faili la watumiaji bila kuingia, likazibwa kwenye toleo la 6.42.1, na bado nakutana na vifaa vya chini ya hapo. Sasisha, kisha badilisha nywila, kwa mpangilio huo. Zima www, telnet, ftp na api kwenye IP Services, na Winbox uibane kwa anwani yako.

Umeme ukikatika na kurudi, watu wa mapokezi hupenda kubonyeza kitufe cha riseti wakidhani ni cha kuwashia. Modemu ikibonyezwa hivyo inatoka kwenye daraja na kurudia 192.168.1.1 pamoja na ukurasa wake wa zamani. Nimebandika selotepu juu ya tundu hilo, na nakala ya mipangilio ya rauta mpya ipo kwenye flashi ndani ya droo ya mapokezi.