Nilivyompima kocha kwa faida, si kwa mtaji

Marehemu baba alikuwa na duka la rejareja Korogwe, na kila Desemba alifunga mahesabu kwa maswali mawili: tulianza na mtaji gani, na faida imekuwa kiasi gani? Jirani yetu wa stendi aliuza mara nyingi zaidi yetu. Baba hakumwonea wivu hata siku moja, maana alijua yule bwana alianza na kiasi gani. Mimi nilihitaji misimu kadhaa hapa Columbus, Ohio, kukumbuka maswali hayo, na ndiyo yaliyonitoa kwenye ubishi wa nani kocha bora, uliokuwa ukinikosesha raha kazini.

Nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Msimu wa futiboli ya Kimarekani ukifika hakuna mazungumzo mengine, kwani uwanja wa chuo cha Ohio State unabeba watu zaidi ya laki moja na hujaa. Tuna mzee mmoja wa Mombasa, yuko mji huu miaka mingi kuliko sisi wote, na ushauri wake ulikuwa huu: "Mwanangu, kocha ni ushindi. Mengine porojo." Niliuheshimu kwa sababu ya umri wake, lakini ni ushauri mbovu. Vijana hupewa nyota za kipaji wangali sekondari, na wa nyota tano, walio bora kabisa, huwa thelathini na kitu tu kwa mwaka katika nchi nzima. Vyuo vichache ndivyo vinavyowazoa. Sasa kocha mwenye kikosi cha namna hiyo akikifunga chuo ambacho hakina hata mmoja, tumpigie makofi ya nini?

Na mtaji peke yake haufanyi duka. Texas A&M mwaka 2022 walisajili kundi la vijana lililohesabiwa kuwa bora kuliko yote tangu nyota zianze kutolewa, wakamaliza msimu huo wameshinda 5 na kupoteza 7. Kocha wao, Jimbo Fisher, alifukuzwa Novemba 2023, na kuvunja mkataba wake kuligharimu zaidi ya dola milioni 75.

Jaribio langu la kwanza la kuwapima makocha lilikuwa mwaka huohuo wa 2022, na nilijivunia sana. Orodha ya vipaji vya kila kikosi iko wazi mtandaoni. Nikachukua nafasi ya timu kwenye orodha hiyo, nikachukua na nafasi yake ya mwisho wa msimu, nikatoa moja kwa nyingine. Basi. Aliyepanda ngazi nyingi ndiye kocha hodari. TCU, timu ya chuo kimoja cha Texas, ikaruka juu ya wote: haikuwa hata kwenye ishirini za kwanza kwa vipaji, lakini ilishinda mechi zote 12 za msimu wa kawaida, halafu ikaifunga Michigan 51-45 kwenye nusu fainali. Nikatangaza wakati wa mapumziko, mbele ya watu, kwamba kocha wao, Sonny Dykes, ndiye bora Marekani, na karatasi nikaibandika kwenye kabati langu. Tarehe 9 Januari 2023 Georgia wakawafunga fainali 65-7. Msimu uliofuata TCU hiyohiyo ikashinda 5 na kupoteza 7. Nilibandua ile karatasi mwenyewe.

Niliumia, lakini nilikaa nayo nikaisoma upya mechi kwa mechi, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya mahali popote. TCU walishinda mechi nyingi kwa tundu la sindano. Waliifunga Baylor, kwa mfano, 29-28 kwa mpira uliopigwa saa ikiwa inaisha. Mpira kama huo mwaka mwingine unapita nje. Isitoshe, ule ulikuwa mwaka wa kwanza wa Dykes pale, na sehemu kubwa ya kikosi alikirithi kwa Gary Patterson, kocha aliyemtangulia. Nilikuwa nampa mtu sifa ya mtaji alioukuta dukani. Tangu hapo simhukumu kocha kabla ya misimu mitatu.

Ndipo nikanunua daftari la mistari, dola mbili tatu hivi, nikalichora kama lile la baba la wakopaji. Kabla ya kila mechi naandika nani ana vipaji zaidi. Kabla, si baada, maana matokeo yakishajulikana moyo unadanganya. Ukimfunga uliyemzidi, hupati kitu, umetimiza wajibu. Akikufunga, unaandikiwa deni la mbili. Ukimfunga aliyekuzidi, faida mbili, na akikufunga hudaiwi. Wanaolingana wanagombea moja. Ujanja wote uko hapo: ratiba rahisi haimnufaishi mtu tena, kwa sababu wanyonge hawana pointi za kutoa.

Kijana mmoja wa Kisumu akanibana vizuri: "Lakini bro, kusajili si kazi ya kocha pia?" Ni kweli, na sikuwa na jibu kwa muda wa wiki nzima. Nikaongeza ukurasa wa pili, wa usajili peke yake. Kocha Nick Saban alichukua ubingwa mara sita akiwa chuo cha Alabama, na kwenye ukurasa wa faida hawezi kung'aa, maana karibu kila aliyecheza naye, Saban ndiye aliyekuwa na vipaji zaidi. Kwenye ukurasa wa usajili hana mpinzani. Kukusanya mtaji ni kipaji kimoja na kuuza ni kingine, na ukivichanganya unamwonea mtu.

Daftari lilipata mtihani wake tarehe 30 Novemba 2024. Ohio State, nyumbani, wakafungwa 13-10 na Michigan, watani wao wa jadi, mara ya nne mfululizo, na mara zote nne Ohio State ndio waliokuwa na vipaji zaidi. Mji mzima ulitaka kocha wao, Ryan Day, aondoke. Mimi nilimwandikia deni la mbili kama sheria inavyosema, nikaacha hapo. Kwenye mchujo wa ubingwa wakaifunga Oregon 41-21 na Texas 28-14. Zote mbili nilikuwa nimeziandika kuwa wanalingana nao, kwa hiyo moja na moja, deni la Michigan likafutika. Kisha wakaifunga Notre Dame 34-23, wakawa mabingwa. Watu waliotaka afukuzwe walivaa fulana za ubingwa.

Kasoro moja sijaiondoa kabisa. Nyota hutolewa kijana akiwa na miaka kumi na saba, na siku hizi wachezaji wanahama vyuo kila mwaka, kwa hiyo mtu mzima wa miaka ishirini na mbili bado anabeba alama za utoto. Chukua chuo cha Indiana: walishinda 3 tu mwaka 2023. Kocha Curt Cignetti akaja kutoka chuo cha James Madison na wachezaji zaidi ya kumi wa kule, akashinda 11 msimu wake wa kwanza. Mzee wa Mombasa akasema ni ratiba. Nikamwonyesha ukurasa: Michigan, waliomzidi vipaji, aliwafunga 20-15. Faida mbili.

Desemba 6, 2025, fainali ya Big Ten, ligi yao, Indiana na Ohio State, nyumbani kwangu dhidi ya ukurasa wangu. Niliandika kabla ya mechi: Ohio State wanazidi, tena kwa mbali. Indiana wakashinda 13-10. Niliandika zile mbili huku roho inaniuma. Januari wakawafunga Miami 27-21 na kuchukua ubingwa wa nchi. Usiku uliofuata mzee aliniita kwenye mapumziko. Hakutaka kubishana. "Lete hilo daftari," alisema, "unionyeshe mwaka huu umemwandika nani."